Kizuri Chajiuza? Somo Kuhusu Jina, Nembo na Kujitangaza kwa Wafanyabiashara Wadogo

Ukurasa wa Mafunzo. Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ubunifu wa michoro, mkaazi wa Mombasa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetulea wengi wetu hapa Pwani. Ukifungua kibanda leo ukaanza kupaza sauti kuhusu bidhaa zako, hutakosa mzee wa kukukumbusha. Darasani, ninakosomea kutengeneza nembo, mabango na vifungashio, tunaambiwa kinyume chake kila muhula: jitangaze, jiuze, usipojisemea hakuna atakayekusemea. Nimekaa katikati ya mafunzo haya mawili kwa muda sasa, na ninaona kwamba swali hili haliwahusu wanafunzi wa vyuo peke yao. Linamhusu mama anayepika mabuyu, fundi seremala, dada mwenye saluni, na kijana anayetafuta kazi ya kwanza. Wengi wao wana kazi nzuri ambayo haiwalipi inavyostahili, kwa sababu mteja akishaondoka hana njia ya kuwarudia.

Tuanze na methali yenyewe, kwa sababu sidhani kwamba ni ya kutupwa. Ilisemwa katika mtaa ambapo muuzaji na mnunuzi walijuana. Ukitaka halua nzuri uliambiwa nenda kwa fulani, nyumba ya tatu baada ya msikiti, na ukifika unamwona mwenyewe kwa macho. Kama juzi alikuuzia iliyoungua, leo utamwambia. Hapo kizuri kilijiuza kweli, kwa sababu uso wa mwenye kazi ulikuwa karibu na kazi yake. Hakuhitaji bango, yeye mwenyewe alikuwa bango.

Siku hizi bidhaa husafiri bila mwenyewe. Chukua mfano wa mabuyu. Msafiri wa treni ya Nairobi ananunua pakiti nne kabla ya kwenda stesheni ya Miritini. Pakiti haina neno lolote. Anafika kwake, watoto wanazimaliza usiku uleule, na wiki ya pili jirani anataka kuagiza pakiti ishirini. Aagize kwa nani? Anachojua ni kwamba yalikuwa mabuyu ya Mombasa, mekundu, matamu. Oda ile itaenda kwa yeyote atakayepatikana, na aliyepika yale mazuri hatajua kamwe kwamba iliwahi kuwepo. Kuna upande wa pili pia, nao ni mbaya zaidi. Mtu mmoja akitia rangi isiyofaa kuliwa, watu wakaumwa na tumbo, lawama itawaangukia wote wanaopika mabuyu. Pakiti zikiwa zote hazina jina, mwaminifu na mdanganyifu wanafanana.

Kwa hiyo nembo na jina havikubuniwa ili mtu ajikweze. Vinasimama mahali pa uso wa muuzaji wakati yeye mwenyewe hayupo. Tutumie maneno haya kwa maana moja katika somo hili: nembo ni mchoro au maandishi yanayotambulisha biashara, na chapa ni kile mteja anachokumbuka na kukitarajia anapoiona nembo hiyo. Nembo unaweza kuilipia ikawa tayari kwa siku moja. Chapa inajengwa na jinsi unavyofanya kazi.

Kanga inatufundisha nini

Watu hudhani mambo haya yaliletwa na makampuni makubwa ya ng'ambo. Tembea Biashara Street uangalie kanga. Kila mwanamke wa hapa anajua sehemu zake: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, ule usemi unaoandikwa upande wa chini wa mji. Sasa tazama karibu na ukingo kwenye kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887. Utakuta herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Wanunuzi wengi huyatafuta maneno hayo kabla ya kutoa pesa, kwa sababu michoro ya kanga huigwa haraka.

Yasome tena maneno yale kama mwanafunzi wa michoro anavyoyasoma. Hayadai kwamba hii ni kanga bora kuliko zote, wala kwamba rangi haitoki. Yanasema tu kwamba kitu hiki kina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Kama kimechujuka, unajua mlango wa kwenda kugonga. Nimeona matangazo mengi ya kisasa yenye maneno mara kumi ya hayo ambayo hayasemi hata nusu yake.

Kujisifu na kujitambulisha

Hapa ndipo ninapopatanisha methali na mafunzo ya darasani. Kujisifu ni kumwambia mteja jinsi anavyopaswa kukuona. Kujitambulisha ni kumpa habari anazoweza kuzihakikisha mwenyewe. La kwanza ndilo methali inalolichukia, na ina haki.

Linganisha lebo mbili za mafuta ya nazi. Ya kwanza inasema: mafuta asilia, bora, ya kimataifa, nambari moja Pwani. Ya pili inasema: mafuta ya nazi ya kupikia, yamekamuliwa Kisauni, mililita 500, tarehe ya kukamuliwa, tarehe ya mwisho ya kutumiwa, jina la mtengenezaji na simu yake. Ya pili haijajisifu hata kidogo, lakini mimi ningenunua hiyo. Kila kilichoandikwa pale kinaweza kuthibitishwa au kukanushwa, na mtu anayekubali kukaguliwa kwa kawaida hana la kuficha. Zaidi ya hayo, habari nyingi kati ya hizo ni lazima kisheria kwa chakula kilichopakiwa: jina la chakula, viungo, uzito au ujazo, mtengenezaji na mahali alipo, na tarehe. Alama ya ubora ya KEBS nayo haichapwi kwa sababu mchoraji aliona inapendeza. Inatolewa kwa kibali baada ya bidhaa kukaguliwa, na kuibandika bila kibali ni kosa.

Fanya zoezi hili leo jioni. Andika sentensi tatu kuhusu kazi yako bila kutumia maneno bora, nafuu, ubora wala kisasa. Fundi wa nguo ataandika nini? Huenda ataandika kwamba anashona buibui na sare za shule, kwamba kipimo kikikosewa anarekebisha bila malipo ndani ya siku saba, na kwamba anafunga saa moja usiku. Ukiona sentensi zako zimekauka baada ya kuondoa yale maneno manne, tatizo haliko kwenye tangazo. Bado hujaamua unamwahidi mteja nini, na hakuna mchoraji anayeweza kukuamulia hilo.

Kijana anayetafuta kazi naye yumo humu. Barua inayosema mimi ni mchapakazi na ninajituma inafanana na barua nyingine mia mbili zilizo mezani. Picha sita za makabati uliyoyatengeneza, na chini ya kila moja umeandika mbao uliyotumia, siku ulizochukua na sehemu uliyofanya wewe mwenyewe, hazifanani na za mtu mwingine. Sita zinatosha. Ukiweka thelathini, mtazamaji atakumbuka ile mbaya.

Mchoro wenyewe

Sehemu hii ndiyo wateja hupenda kuizungumzia zaidi, na kwangu ndiyo fupi. Mwaka 1971 mwanafunzi wa michoro wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, aitwaye Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 kwa kuchora alama ya kampuni changa ya viatu. Alama hiyo ndiyo ile ya Nike. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1983, kampuni ilimpa hisa na pete kama shukrani. Kwa mkufunzi, kisa hiki ni cha malipo duni ya wanafunzi, na kweli kinauma. Kwa mfanyabiashara mdogo kina somo lingine. Siku ile ya kwanza mchoro ule haukuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote. Viatu na miaka ya kuutumia bila kuubadilisha ndivyo vilivyoupa maana. Kwa hiyo usikope pesa ili kulipia nembo. Tengeneza iliyo rahisi, kisha uivumilie.

Rahisi maana yake nini? Ipige nakala nyeusi na nyeupe kwenye mashine ya fotokopi. Ikigeuka doa, haifai. Ipunguze hadi ukubwa wa ile duara ya picha ya WhatsApp. Ibandike ng'ambo ya barabara, upande tuktuk, uone kama unaweza kuisoma ukipita. Nembo yenye rangi saba, kivuli na maandishi ya kujikunja hushindwa majaribio yote matatu, hata kama kwenye kompyuta ya fundi ilimeremeta.

Halafu kuna suala la pembe. Zile pembe nne za alumini za Moi Avenue, zilizojengwa miaka ya 1950, ni utambulisho wa mji mzima. Zikipishana zinafanya herufi M, na mgeni akiziona kwenye picha anajua ni Mombasa. Kwa sababu hiyohiyo hazimfai muuza viazi karai. Hesabu teksi, hoteli, maduka ya simu na timu za mpira zenye pembe kwenye nembo zao, kisha ongeza zenye mnazi, jahazi na Fort Jesus. Kitu kinachotutambulisha sote hakiwezi kukutofautisha wewe na jirani yako. Naomba tuupumzishe mnazi japo kwa mwaka mmoja.

Alama za serikali ni jambo tofauti. Bendera ya taifa na ngao ya taifa zinalindwa na sheria, na haziruhusiwi kutumika katika biashara bila idhini ya maandishi. Kaunti nazo zina bendera, ngao na muhuri wao chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Hizo ni mali ya umma. Mtu akiziweka kwenye bango lake ili wateja wadhani ametumwa na kaunti, amewadanganya.

Jina moja kila mahali

Ukiniuliza ni kasoro gani huwapotezea wafanyabiashara wadogo wateja wengi bila wao kujua, sitataja rangi wala mchoro. Nitataja jina linalobadilika. Juu ya mlango pameandikwa jina moja. Kwenye kadi kuna lingine. Ukurasa wa Facebook una la tatu. Kisha mteja analipa kwa Lipa na M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha unamletea jina la nne ambalo hajawahi kulisikia. Katika nchi ambayo kila mtu ametapeliwa kwa simu au anamjua aliyetapeliwa, hapo ndipo mkono unapositasita. Mwingine anaghairi. Mwingine analipa lakini harudi. Unapoomba nambari ya tili, uliza ni jina gani litakalomtokea mteja, na uhakikishe ni lile lililo juu ya mlango. Kama limeshasajiliwa vingine, omba lirekebishwe, au angalau liandike kando ya nambari ili mteja alijue kabla ya kubonyeza.

Jina lenyewe lichaguliwe kwa sikio. Mpigie mtu simu, mtajie mara moja, mwambie aliandike. Akiuliza ni kwa k au kwa c, wateja wako wote watauliza vivyo hivyo. Majina ya Kiswahili yana bahati hapa, maana tunaandika kama tunavyotamka.

Jihadhari pia na jina linaloeleza bidhaa tu. Halua Tamu, Mombasa Fresh Juice, Duka la Nguo: haya ni maelezo, na mtu yeyote anayeuza kitu kama hicho ana haki ya kuyatumia. Ni vigumu sana kuyafanya yawe yako peke yako, iwe mtaani au mbele ya sheria. Jina la ukoo, neno la zamani lililosahaulika, au neno lisilohusiana na bidhaa lina nguvu zaidi, ingawa mwanzoni litaonekana la ajabu.

Kisa cha hakuna matata kinafaa kuelezwa hapa, maana kinasimuliwa vibaya. Maneno hayo yalikuwa vinywani mwetu tangu zamani, na bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzia hapa Mombasa, iliyasambaza duniani kwa wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982. Filamu ya The Lion King ilipotoka mwaka 1994, kampuni ya Disney iliomba kuyasajili Marekani, na usajili ukatolewa mwaka 2003. Mwaka 2018 kulizuka malalamiko makubwa, watu wakaambiwa Kiswahili kimeibwa. Usajili ule ulihusu fulana, tena ndani ya Marekani. Hauzuii mtu yeyote kusema hakuna matata, wala kuyaandika kwenye kibanda Likoni. Hasira ya watu naielewa, na kwangu kuna jambo lisilo la adabu katika kuuza msemo wa watu wengine. Lakini mkaazi anafaa kujua alama ya biashara inalinda nini hasa: jina fulani, kwa aina fulani ya bidhaa, katika nchi fulani. Nje ya hapo hailindi.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza mali. Kuna karatasi tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni leseni ya biashara ya kaunti. Inakuruhusu kufanya biashara ya aina fulani mahali fulani. Haisemi lolote kuhusu nani mwenye jina. Bango la nje nalo lina idhini na ada yake, kwa hiyo pita ofisi ya kaunti katika kaunti yako ndogo uulize kabla hujachimba shimo la nguzo, hasa kama bango litakuwa kando ya barabara.

Ya pili ni cheti cha jina la biashara kutoka Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, kinachoombwa kupitia eCitizen. Ukikosa simu nzuri au intaneti, Kituo cha Huduma kitakusaidia. Cheti hiki kinaonyesha kwamba wewe ndiwe unayefanya biashara kwa jina hilo. Benki itakidai, na watoao zabuni watakidai. Wengi wakishakipata huamini kwamba jina sasa ni lao. Hapana. Cheti cha jina la biashara hakikupi haki ya kumzuia mwingine asiliweke jina hilo kwenye bidhaa zake.

Haki hiyo inatokana na karatasi ya tatu, usajili wa alama ya biashara, ambao hufanywa na Taasisi ya Mali ya Kiviwanda ya Kenya, inayojulikana zaidi kama KIPI. Kwanza unaomba utafutaji ili kujua kama kuna alama inayofanana na yako. Kisha unapeleka ombi ukitaja darasa la bidhaa au huduma. Madarasa yote ni 45: ya 1 hadi 34 ni ya bidhaa, na ya 35 hadi 45 ni ya huduma. Angalia jinsi jambo hili linavyoweza kumponyoka mtu. Mafuta ya nazi ya kupikia yako darasa la 29, lakini mafuta hayohayo yakiuzwa ya kupaka nywele yako darasa la 3. Nguo ni darasa la 25, na huduma ya mkahawa ni la 43. Ada hulipwa kwa kila darasa, kwa hiyo chagua lile unalolifanyia kazi kweli. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la KIPI, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Likipita, alama inalindwa kwa miaka 10, na unaweza kuihuisha kwa miaka 10 mingine kila muda unapoisha.

Je, kila kibanda kisajili alama? Kwa maoni yangu, la. Mwenye kibanda cha chai anayehudumia mtaa mmoja hana haja ya kuharakisha. Leseni na jina lisilobadilika vinamtosha. Lakini bidhaa yako inapoanza kuingia kwenye maduka ya wengine, au inapopanda basi kwenda Nairobi, hapo usichelewe. Kuna wanaosubiri jina lipate wateja, kisha wakalisajili wao kabla ya mwenyewe. Kulirudisha kunawezekana, lakini utahitaji wakili, ushahidi na miezi ya kusubiri.

Vikundi vina njia yao. Wasusi wa vikapu wa Taita Taveta walisajili alama ya pamoja, Taita Basket, itumiwe na wanachama wanaofuata masharti ya kikundi. Njia hii inawafaa akina mama wa mabuyu, wavuvi wanaokausha samaki, na mafundi wa kuchonga kama wale wa ushirika wa Akamba kule Changamwe. Mmoja peke yake hamudu gharama, lakini wakiwa hamsini hakuna anayeumia. Gharama halisi iko mahali pengine: kikundi kinapaswa kukubaliana juu ya kiwango cha kazi, na kiwe tayari kumzuia mwanachama asiyekifikia. Kikundi kisichothubutu kumwambia mwenzao kikapu hiki hakipiti hakina haja ya alama ya pamoja.

Na kupinga kunawezekana. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno Kikoy nchini humo. Wafanyabiashara wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, walilipinga ombi hilo, nalo halikufika mwisho. Walifaulu kwa sababu waliwahi ndani ya muda, na walikuwa na ushahidi kwamba kikoi ni vazi la watu wote. Hifadhi ushahidi wako pia: risiti za kwanza, picha za bango zenye tarehe, lebo za zamani, na vitabu vya oda.

Picha za watu, na picha za wengine

Vijana wanaoendesha kurasa za biashara wana mazoea mawili ya hatari. La kwanza ni kupiga picha wateja na kuzitumia kama tangazo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini, na haina mzaha. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Muulize mteja. Akikubali, akuandikie hata kwa ujumbe mfupi, nawe uuhifadhi.

La pili ni kuchukua picha ya keki au kochi la mtu mwingine kutoka intaneti na kuiweka kama kazi yako. Utani wa nilichoagiza na nilicholetewa umezaliwa hapo. Watu wanacheka, lakini aliyelipia keki ya harusi hacheki, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwonyesha mteja kitu ambacho sicho utakachompa. Picha yako mwenyewe, iliyopigwa mchana karibu na dirisha, kwa simu ya kawaida, inatosha.

Ukimwajiri mchoraji

Hapa nazungumza na pande zote mbili, maana nusu ya darasa letu tayari hufanya kazi hizi kwa malipo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, mchoro ulioagizwa na mteja huhesabiwa kuwa umehamia kwa mteja aliyeuagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Mchoraji anayetaka kubaki na haki ya kuuonyesha katika mkusanyiko wa kazi zake, au kubaki na michoro iliyokataliwa, aseme hivyo mapema na iandikwe. Mteja naye asidhani kwamba bei ya nembo moja inajumuisha kadi, lebo, bango na fulana. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, wenye majina ya wote wawili, kazi itakayofanywa, idadi ya marekebisho, bei, siku ya kukabidhi, na sahihi zenu.

Kabla ya kumaliza kulipa, dai faili asili za nembo, yaani zile zinazoweza kukuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuvunjikavunjika, pamoja na jina la mwandiko na nambari za rangi zilizotumika. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi. Fundi wa bango ataivuta hadi ifanane na ukungu. Zihifadhi faili hizo mahali pawili, kwenye barua pepe yako na kwenye flashi. Mchoraji anaweza kuhama au kuibiwa kompyuta, nawe mwakani utataka lebo zingine elfu moja zinazofanana na hizi.